Profesa aliyejua Kiebrania na bado akawachukia Wayahudi: kazi yake niitumie au niiache?

"Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa tatu theolojia, naandika tasnifu kuhusu Mithali kwenye tafsiri ya Kigiriki, Septuaginta. Kila ninapogusa nakutana na jina la Paul de Lagarde, kwamba yeye ndiye 1863 aliweka kanuni za kuchambua hayo maandishi. Nikaamua kumtafuta, kumbe aliandika mambo mabaya sana kuhusu Wayahudi mpaka Wanazi wakampenda. Mwenzangu mmoja anasema jamaa alikuwa Nazi, nimtoe kabisa kwenye kazi yangu. Mwingine anasema enzi hizo kila mtu alikuwa hivyo, tena profesa wa Kiebrania hawezi kuwachukia Wayahudi bila sababu, lazima kuna kitu alikiona kwenye Talmudi, vile vitabu vya mafundisho ya marabi, na akanirushia nukuu kwenye grupu letu la WhatsApp. Nimechanganyikiwa. Mtu anakaaje maisha yake yote na Maandiko ya watu halafu awachukie watu wenyewe? Na tasnifu yangu niifanyeje?"

Marahaba. Swali lako nimelisoma mara mbili maana limenigusa kweli, mimi mwenyewe nilifundishwa kanuni za huyu bwana miaka mingi kabla sijajua aliandika nini kingine, hakuna mtu aliyenitajia, na siku nilipokuja kukisoma kijitabu chake cha 1887 nilikifunga nikatoka nje kutembea. Kwa hiyo usijione una imani ndogo au elimu ndogo kwa kuchanganyikiwa. Umesoma vizuri, ndio maana umekwama.

Tuanze na hilo la Nazi kwa sababu ni rahisi. Lagarde hakuwa Nazi, na asingeweza kuwa. Alizaliwa Berlin Novemba 1827 akiitwa Paul Bötticher (hilo "de Lagarde" alilipata 1854 alipoasiliwa na ndugu mzee wa upande wa mama yake), akafa Göttingen Desemba 1891, na mwaka huo Hitler alikuwa mtoto wa miaka miwili. Ukiandika Nazi kwenye tasnifu msahihishaji atakukata maksi na atakuwa sahihi. Ila usidhani nikisema hivyo namsafisha. Wao ndio walikuja kuchota kwenye kisima chake. Alfred Rosenberg, yule mwandishi mkuu wa itikadi ya Nazi, alimtaja waziwazi kama mmoja wa waliotangulia, na maandishi yake ya kisiasa, yale ya *Deutsche Schriften* yaliyoanza kutoka 1878, yakachapwa na kusomwa tena na tena miaka ambayo yeye yuko kaburini. Kwa hiyo andika mtangulizi, usiandike mwanachama. Na kuna watu wataona hiyo ni nafuu kwake, mimi naona ni mzigo mkubwa zaidi, maana yeye alifikiri mwenyewe, hakuna chama kilichomlazimisha.

Sasa upande wa elimu. Huyu mtu alikuwa mkali kweli kwenye lugha, hapo tusidanganyane. Kiebrania, Kiaramu, Kisiriaki, Kikopti, Kiarabu, Kiajemi, Kiarmenia, zote alizifanyia kazi kwa mikono yake. Miaka ya 1852 na 1853 alikuwa London anakopi hati za Kisiriaki, 1854 akachapa Didaskalia, kitabu cha kale cha maagizo ya kanisa, kwa Kisiriaki, 1872 na 1873 akachapa Targumi za Manabii na za Maandiko mengine, yaani tafsiri za Kiaramu za Wayahudi wenyewe. Na katikati ya hapo kuna miaka kama kumi na miwili anafundisha shule za sekondari Berlin, akisubiri uprofesa ambao hauji, mpaka 1869 alipopewa kiti cha Heinrich Ewald pale Göttingen akiwa na miaka 41. Hayo makali ya kusubiri yamo kwenye kila alichoandika baadaye, alikuwa mtu wa ugomvi, kila aliyempinga alimwona adui. Nakueleza hili uelewe tabia yake tu, kwa sababu watu wengi walicheleweshewa vyeo na hawakuandika aliyoyaandika yeye.

Aliandika nini hasa? Tayari 1853 kwenye mhadhara wake wa siasa alikuwa anataka Wayahudi wa Poland na nchi za jirani waondolewe wapelekwe Palestina. 1885 akarudia, safari hii akataja na Madagaska, ile ambayo wazee wetu wa pwani waliiita Bukini. Ukiliona hilo jina ujue sio bahati mbaya kwamba 1940 ofisa wa wizara ya mambo ya nje ya Ujerumani, Franz Rademacher, alikaa akaandika mpango kamili wa kuwamwaga Wayahudi wa Ulaya kwenye kisiwa hichohicho. Ule mpango haukutekelezwa, bahari ilikuwa mikononi mwa Waingereza, na kilichofuata tunakijua, Wayahudi kama milioni sita wakauawa. Halafu 1887, kwenye *Juden und Indogermanen*, ndipo lile neno linalonukuliwa kila mahali. Baada ya kuwaita wadudu waharibifu, anasema kwamba minyoo ya trikina na vijidudu huwa havijadiliwi wala havifunzwi adabu, vinaangamizwa haraka na kabisa kadiri inavyowezekana. Sijakuwekea ili nikutishe. Nimeweka kwa sababu kuna watu watakwambia alikuwa anapinga tu dini au sera ya uchumi, na wewe inabidi ujue sentensi yenyewe inasemaje.

Kuna jambo moja linawachanganya wengi na litakuchanganya na wewe ukizidi kusoma. Huyohuyo Lagarde ndiye aliyeandika kwamba Ujerumani wa mtu hauko kwenye damu, uko kwenye moyo. Kwa hiyo hakuwa mtu wa kupima mafuvu kama wale waliomfuata, na aliona Myahudi mmojammoja anaweza kuwa Mjerumani iwapo ataacha kabisa Uyahudi wake. Wapo wanaolishika hilo kumtetea. Mimi nikilisoma naona kitu kingine, kwamba mlango aliouacha wazi ulikuwa wa Myahudi kupotea tu, awe kama hakuwahi kuwepo, na asiyekubali kupotea ndio huyo sasa anaitwa mnyoo. Chuki haihitaji nadharia ya damu ili iue. Sisi wa ukanda huu tunalijua neno *inyenzi*, mende, lilivyotangazwa redioni Rwanda na nini kilifuata 1994. Mtu akishaitwa mdudu kazi ngumu imeshafanyika, inabaki ya kukanyaga.

Sasa tuje kwenye swali lako kubwa, mtu anawezaje. Hapa naomba uvumilivu kidogo maana ndio kiini.

Wanateolojia wengi wa Kijerumani wa karne ya 19 walikuwa na picha moja kichwani, kwamba dini ya Israeli ilikuwa hai enzi za manabii, halafu baada ya uhamisho wa Babeli ikakauka ikageuka sheria tupu, na Wayahudi wanaoishi leo ni ganda tu, tunda lilishaliwa. Ukiingia na picha hiyo unaweza kumpenda Isaya kwa moyo wote na kumdharau Myahudi anayeuza duka mtaani kwako bila kuona kama unajipinga. Lagarde alikwenda mbali kuliko wengi, akasema hata Ukristo umeharibiwa na Uyahudi, lawama akamtupia Mtume Paulo, akataka dini mpya ya kitaifa ya Wajerumani. Kwa hiyo yeye alikwenda kwenye Maandiko kama anayechimba magofu, na watu waliobaki wanaishi juu ya hayo magofu aliwaona wako njiani wanamzuia.

La pili ni kosa la lugha, na hili sisi walimu wa lugha tunalijibu kwa aibu kwa sababu lilitoka kwetu. Neno "Kisemiti" lililetwa 1781 na August Ludwig Schlözer kwa ajili ya familia ya lugha, Kiebrania, Kiaramu, Kiarabu na ndugu zao, amelitoa kwa Shemu mwana wa Nuhu. Kufanana kwa lugha hizo ni kweli kabisa, kila anayejua Kiarabu akianza Kiebrania anaona mwenyewe. Tatizo ni hatua iliyofuata, kusema wenye lugha moja wana roho moja na akili moja, kwamba Msemiti anafikiri hivi na Mwaria (jina walilowapa watu wa familia ya lugha za Kijerumani, Kigiriki na Kihindi) anafikiri vile. Ernest Renan wa Ufaransa 1855 alikijaza kitabu kizima cha lugha za Kisemiti kwa hukumu za namna hiyo. Angalia Kiswahili chetu hiki, maneno ya Kiarabu yamejaa, dini, kitabu, wakati, hesabu, halafu ngeli na vitenzi ni Kibantu kitupu, na wanaoongea ni wa kila kabila kuanzia Lamu mpaka Lubumbashi. Roho ya nani sasa iko humo? Lugha hupitishwa mdomo kwa sikio, mtoto anaokota anayoisikia. Max Müller, ambaye mwenyewe alisaidia sana kulieneza neno Aria, mwishowe 1888 ikabidi aandike kwamba anayesema damu ya Kiaria anakosea sawa na mtu atakayesema kamusi yenye fuvu refu. Alichelewa, neno lilishatoka nyumbani.

Na palepale lilipo neno lenyewe niondoe kosa lingine ambalo nalisikia sana hata kwa watu wasomi, kwamba eti Waarabu nao ni Wasemiti kwa hiyo mtu anayewapenda Waarabu hawezi kuitwa antisemiti. Jina hilo lilienezwa 1879 na Wilhelm Marr na wenzake kwa nia moja, kuipa chuki ya Wayahudi sura ya kisayansi, na toka mwanzo halikuwahusu Waarabu. Usilichambue kwa mzizi wake, lichukulie kama lilivyotumika.

La tatu ni hofu ya wakati. Ujerumani iliungana 1871, Wayahudi wakapata haki sawa za kiraia kipindi hichohicho, 1873 uchumi ukaanguka, na taifa jipya ambalo halijijui bado lilikuwa linatafuta wa kulaumiwa. Wayahudi walikuwa kama asilimia moja tu ya watu. Lagarde alikuwa na uchungu na kila kitu cha usasa, magazeti, benki, vyama vya kiliberali, na akakipa chote uso mmoja.

Sasa mwenzako wa pili, huyo wa "kila mtu alikuwa hivyo". Hapana, na hili nakuomba ulishike sana. Mwaka 1880 Theodor Mommsen, mwanahistoria mkubwa wa Roma, alisimama hadharani Berlin akaandika kuwapinga maprofesa wenzake walioanzisha mashambulizi kwa Wayahudi. Franz Delitzsch wa Leipzig, Mlutheri, mtaalamu wa Agano la Kale kama mnavyosoma nyie, alitumia miaka kujibu uongo uliokuwa unaandikwa kuhusu Talmudi (nae ndio, alitamani Wayahudi wawe Wakristo, sitakuficha, lakini uongo hakuuvumilia). Na miaka mingi kabla, 1860, Moritz Steinschneider, Myahudi na bingwa wa hati za mashariki, alishayaita mawazo ya Renan "chuki za antisemiti", neno lenyewe analitumia kukosoa kabla Marr hajalibeba kama bendera. Watu wa wakati uleule, wenye vitabu vilevile mezani, waliona. Ukisema kila mtu alikuwa hivyo unawafuta hao.

Na kuhusu "lazima alikiona kitu kwenye Talmudi". Kinyume chake, eneo ambalo elimu ya Lagarde ilipwaya ni hilohilo la maandiko ya marabi. 1887 alimshambulia Leopold Zunz, mzee aliyeanzisha usomi wa kisasa wa maandiko ya Kiyahudi, na Zunz alikuwa amefariki mwaka mmoja tu nyuma, hawezi kujibu. Akajibu David Kaufmann, mwalimu wa chuo cha marabi Budapest, kwa kijitabu kizima kinachohusu huo unaoitwa usomi wa Kiyahudi wa Lagarde, akimwonyesha makosa yake. Mwaka uliofuata, 1888, kule Marburg mwalimu mmoja wa shule alishtakiwa kwa kutangaza kwamba Talmudi inawaruhusu Wayahudi kuwaibia wasio Wayahudi. Mahakama ikaomba maoni ya kitaalamu kwa watu wawili, Lagarde na mwanafalsafa Hermann Cohen. Cohen akaeleza kwamba amri ya kumpenda jirani inamhusu na mgeni, rudi Walawi 19:34 utaikuta, mgeni akaaye kwenu mpende kama nafsi yako. Yule mwalimu akapatikana na hatia akafungwa kifungo kifupi.

Hiyo nukuu uliyorushiwa WhatsApp sijaiona ila naweza kukisia ukoo wake. Nyingi za namna hiyo zinatoka kwenye kitabu cha August Rohling cha 1871, *Der Talmudjude*, ambacho kilikusanya vipande vilivyokatwa, vilivyotafsiriwa vibaya na vingine kuchukuliwa tu kwa waandishi wa zamani wenye chuki. Rabi Joseph Samuel Bloch alimwambia hadharani kwamba atamlipa florini 3000 akiweza kutafsiri ukurasa mmoja tu wa Talmudi. Rohling akamshtaki Bloch, mahakama ikateua wataalamu Wakristo akiwemo Theodor Nöldeke, kesi ikakaribia kusikilizwa 1885, Rohling akaiondoa mwenyewe. Leo miaka 140 baadaye vipande vyake bado vinazunguka kwenye simu zetu kwa Kiswahili. Mwambie mwenzako akupe jina la trakteti (yaani kitabu kimojawapo ndani ya Talmudi), namba ya ukurasa na upande, kisha mkaisome yote pamoja na mabishano yaliyoizunguka, kwa sababu Talmudi ni kitabu cha watu wanaobishana, mmoja anasema hivi mwingine anampinga hapohapo, na ukichomoa sauti moja unaweza kukisemesha chochote.

Haya, tasnifu. Kumtoa kabisa ni njia unayoweza kuichagua na siwezi kukulaumu, lakini ujue hutamtoa. Ile Septuaginta ya 1935 ambayo bila shaka iko mezani kwako ni kazi ya Alfred Rahlfs, mwanafunzi wa Lagarde, na mradi wa Göttingen ulioanza 1908 wa kuhariri Septuaginta umekua kutokana na ndoto ya huyuhuyu. Usipomtaja utakuwa unamtumia kimyakimya, na hiyo naona ni mbaya zaidi. Kumtumia kama kawaida, "Lagarde (1863) anasema", ukaendelea na maisha, ndicho walichofanya walimu wangu, na ndio maana mimi nilikuja kushtuka ukubwani. Njia ninayokushauri ni kumtumia pale ambapo kazi yake inaweza kupimwa na mtu mwingine yeyote, na kusema wazi yeye ni nani.

Kupimwa ni kitu gani? Chukua kanuni zake za Mithali. Anasema hati zote za Kigiriki tulizonazo zimechanganyika, kwa hiyo huwezi kufuata moja kama kipofu. Pakiwa na sentensi mbili, moja ya tafsiri huru na nyingine ya neno kwa neno, iliyo huru ndiyo ya zamani zaidi. Na inayotofautiana na Kiebrania chetu cha leo inatangulia inayolingana nacho. Sababu yake ni kwamba wanakili walipenda kusahihisha Kigiriki kifanane na Kiebrania, mara chache sana kinyume chake. Hiyo unaweza kuijaribu mwenyewe mstari kwa mstari, haihitaji umwamini mtu. Au hoja yake kwamba hati zote za Kiebrania cha Wamasora, wanakili wa Kiyahudi wa zama za kati, zinatokana na nakala moja, maana zina mambo madogo ya ajabu mahali palepale, kama ile herufi nun iliyoning'inia juu ya mstari kwenye Waamuzi 18:30. Watu waliipima, wengine wakaipinga, na magombo ya Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, yaliyoanza kupatikana 1947 yakaonyesha kwamba zamani, kabla ya maandishi ya Wamasora kutawala, kulikuwa na maandishi ya Kiebrania ya aina tofautitofauti. Hata toleo lake la Kigiriki la 1883, alilodai ni la Lusiano, mwalimu wa kale wa Antiokia anayesemekana kuisahihisha Septuaginta, wataalamu walilirudia wakakuta vitabu vya Torati humo si vya Lusiano. Hivyo ndivyo elimu inavyokwenda, na hapo unaweza kumtaja bila kigugumizi.

Kuwa macho pale anapohama kutoka kwenye herufi kwenda kwenye nia, anapoanza kueleza Wayahudi *walikuwa wanataka* nini, wana tabia gani, kwa nini walinakili hivi. Hapo usimfuate hata hatua moja bila mwingine kukuthibitishia, maana hapo mkono unaoandika umeshabadilika. Na usiniambie zile ni siasa na hizi ni taaluma, ni mtu yuleyule, mwaka 1887 uleule alikuwa anamtukana Zunz na kuandika habari za minyoo. Halafu kwenye orodha yako ya kusoma ongeza wale aliowadharau. Zunz yupo, Kaufmann yupo, na Wayahudi wanaoandika leo kuhusu Septuaginta wapo wengi wazuri, Emanuel Tov wa Yerusalemu anza naye, utapata na Septuaginta na Qumran humohumo.

Kwenye tanbihi ya kwanza unayomtaja weka sentensi tatu tu: kwamba kanuni zake za 1863 bado zinajadiliwa, kwamba mwandishi huyohuyo alitetea kufukuzwa kwa Wayahudi na 1887 akaandika lugha ya kuwaangamiza, na kwamba wewe unatumia hoja zake za kimaandishi peke yake na umezipima na kazi za baadaye. Usiifanye sura nzima, tasnifu yako ni ya Mithali.

Kuna mambo siwezi kukumalizia kwa maandishi. Muone msimamizi wako ana kwa ana kabla ya kukabidhi, umwonyeshe hiyo tanbihi, kwa sababu vyuo vingine vina utaratibu wao na usingependa kushtukizwa siku ya kutetea. Ukikwama na Kijerumani chake, ambacho ni kigumu hata kwa Wajerumani, tafuta mtu anayekijua mkae naye na kitabu, usitegemee tafsiri ya mashine kwenye sentensi za 1887, maneno yake yana kona. Kwa maswali ya Talmudi nenda kwa wenyewe: Nairobi kuna sinagogi, na karibu na Mbale Uganda wako Abayudaya, watu wetu wanaoishi Uyahudi kila siku, piga hodi kwa adabu uulize. Na lile grupu, kama nukuu bado iko pale na mko wengi wanaojiandaa kwenda kuhubiri, ongea kwanza na mwenzako pembeni aitoe mwenyewe, akikataa mpelekeeni mlezi wa wanafunzi, maana katika miaka miwili mitatu hiyo nukuu itakuwa mimbarini.